Pasi ya mvuke au pasi kavu? Jibu kwa fundi anayeanza Mikindani

Msomaji mmoja wa Mikindani, binti aliyemaliza mafunzo ya ushonaji mwaka jana na kuweka cherehani yake kwenye kibaraza cha nyumbani kwao, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Ninayo pasi ya mkaa niliyoachiwa na marehemu shangazi yangu, na pasi ndogo ya umeme ya nyumbani. Nguo zangu nazishona kwa uangalifu, lakini zikishavaliwa hazina sura ya nguo ya fundi. Mishono inavimba, kola zinafanya mapovu, na gauni moja la polista jeusi limeng'aa kila mahali pasi ilipopita. Nimeweka akiba ninunue pasi ya mvuke yenye matundu mengi. Je, hiyo ndiyo dawa? Kama siyo, ninunue ipi?"

Marahaba, binti yangu. Usinunue pasi ya mvuke kwa sasa. Kwa kazi uliyonieleza, na kwa maji tunayoyatumia huku kwetu, utafaidika zaidi na pasi kavu ya umeme iliyo nzito, yenye kitako laini na ncha iliyochongoka, ikisindikizwa na kipande cha kitambaa cha amerikani na bakuli la maji. Hata hivyo, pasi hiyo nayo haitakufaa kitu ukiendelea kuitumia kama unavyoitumia sasa, kwa sababu dalili zote tatu ulizozitaja zinanionyesha kwamba unasubiri nguo imalizike ndipo uipige pasi, na kwamba unaiburuta. Kwa hiyo nitaanza na mkono, kisha nije kwenye chombo.

Anayepiga pasi nguo iliyofuliwa anaondoa makunyanzi, na huisukuma pasi mbele na nyuma kwa urefu wa kitambaa. Fundi anayeshona anafanya kazi nyingine kabisa, ingawa chombo ni kile kile. Yeye huishusha pasi mahali alipopakusudia, huiacha ikandamize kwa uzito wake kwa muda wa kuhesabu tano au kumi, huiinua, kisha huihamishia hatua inayofuata bila kuikokota. Sababu yake ni kwamba nyuzi zikipata joto na unyevu hulegea na kukubali kuvutwa. Ukiburuta pasi juu ya shingo ya gauni au juu ya sketi iliyokatwa hanamu, yaani kwa mshazari, unaivuta nguo nje ya kipimo ulichokikata, na shingo iliyotoka kwenye mkasi ikiwa sawa itapwaya mwilini mwa mteja, nawe utailaumu cherehani bure.

Chukua mshono wa ubavuni wa sketi ya kitenge. Ukitoka kwenye cherehani usiufungue mara moja. Ulaze kama ulivyoshonwa, pande mbili za kitambaa zikiwa zimelaliana, uukandamize juu ya mstari wa uzi, kisha ugeuze ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Utaona uzi uliokuwa umekaa juu juu, ukivuta vijikunyanzi vidogo pande zake, unazama ndani ya kitambaa na vile vijikunyanzi vinatoweka. Sasa fungua akiba za mshono, yaani zile kingo zilizobaki nje ya mstari wa uzi, kwa ukucha, lowesha kidole, kipitishe juu ya mstari wenyewe tu, na uifuatishe ncha ya pasi polepole nyuma ya kidole, ukiinua na kushusha. Iache sketi ipoe pale pale ilipo. Nguo inayoondolewa mezani ingali moto hulala upya kwa namna mkono ulivyoishika, na kazi yote uliyoifanya inapotea kabla hujafika kwenye kiti. Ikishapoa, igeuze upande wa nje, itandikie amerikani, uikandamize mara moja ya mwisho.

Amerikani ninayoitaja ni ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi ambayo wazee wetu waliipa jina hilo kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani ndio walioileta kwa wingi Unguja katika karne ya 19. Nunua mita moja, ifue mara tatu au nne mpaka wanga wake wote utoke na ilainike, kisha ikate vipande viwili, kimoja cha kulowesha na kimoja cha kutumia kikiwa kikavu. Usitumie khanga kuukuu kwa kazi hii. Najua ni laini na ipo kila nyumba, lakini rangi yake inaweza kuhamia kwenye nguo ya mteja inapokutana na maji na joto kwa pamoja.

Kanuni yangu kubwa ni moja: mshono usikatishwe na mshono mwingine kabla haujapigwa pasi. Bega lipigwe pasi kabla kola haijafika, mkono upigwe pasi kabla haujafungwa kuwa mduara, mfuko upigwe pasi kabla haujabandikwa. Mishono inayovimba kwenye nguo zako imevimba kwa sababu ilifunikwa ikiwa bado mibichi, na ikishafunikwa pasi haiwezi tena kuifikia vizuri. Najua jambo hili ni gumu msimu wa korosho unapofika, pesa ikianza kuzunguka na sare za unyago zikiagizwa kumi kumi, kwa kuwa kila mara unaponyanyuka kwenye cherehani kuifuata pasi unaona muda unakuponyoka. Panga kazi kwa mafungu: shona mabega ya magauni yote kumi, nyanyuka mara moja, yapige pasi yote, kisha rudi ukae. Sogeza na meza ya pasi iwe mkono wako wa kushoto, karibu kiasi cha kuifikia kwa kugeuka tu.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo lililoliharibu gauni lako. Kwenye pasi ya umeme kuna nukta moja, mbili na tatu, na alama hizo hizo huwekwa kwenye vibandiko vya nguo. Kwenye alama za nguo, nukta moja ina maana kitako kisizidi takriban nyuzijoto 110, mbili takriban 150, na tatu takriban 200. Pamba na kitani huvumilia nukta tatu. Sufu, hariri na polista ni za nukta mbili, na nailoni pamoja na vitambaa vyepesi vya plastiki ni vya nukta moja. Polista haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzijoto 255, na ndiyo sababu mafundi wengi hudhani wako salama pasi isiponata. Ukweli ni kwamba nyuzi zake huanza kulegea mapema sana, chini hata ya joto la maji yanayochemka, na zikikandamizwa na chuma kilichozidi moto hulazwa bapa zikabaki hivyo. Uso uliolazwa bapa hurudisha mwanga kama kioo, na huo ndio mng'ao unaouona.

Shida ni kwamba sokoni kitambaa huuzwa kwa jina la mwenye duka, wala si kwa jina la uzi wake. Kuna vitenge vya pamba tupu, na kuna vingine vinavyofanana navyo kwa macho lakini ni polista. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibanio, uziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba huungua kwa haraka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ni mepesi ya kijivu. Polista huukimbia moto kwanza, hujikunja, huyeyuka, na huacha kijidonge kigumu cheusi usichoweza kukisaga kwa vidole. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Tetroni ya sare za shule, ambayo mara nyingi ni mchanganyiko wa polista na pamba, huonyesha tabia zote mbili, nayo unapaswa kuitendea kama polista, maana kitambaa cha mchanganyiko hupewa joto la uzi wake ulio dhaifu zaidi. Baada ya hapo chukua kipande kilichobaki kwenye mkasi uijaribu pasi hapo. Vipande vya kukata usivifagie mpaka nguo iishe.

Kitenge kipya kina vituko vyake. Hutoka kiwandani kikiwa na wanga mwingi, na wanga huo hushika kwenye kitako, huungua, hugeuka kahawia, kisha hujipaka kwenye nguo nyeupe inayofuata. Kibandiko cha karatasi cha kiwandani nacho huacha gundi inayoyeyuka chini ya pasi. Kibandue kwanza, kiloweshe kitambaa, kikauke, ukipige pasi kwa ndani, ndipo ukate. Utakuwa pia umekipa nafasi ya kurudi, yaani kusinyaa, kabla ya kipimo, badala ya kurudi kwenye ndoo ya mteja.

Nilikuahidi sababu ya kukuzuia pasi ya mvuke. Pasi hiyo ni chombo kizuri, na mimi mwenyewe nimeitumia. Ila hufanya kazi kwa kudondosha maji kidogo kidogo kwenye chumba chenye moto, na maji yakigeuka mvuke huacha humo kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake. Maji ya visima vya mwambao wetu, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na mahali pengine yana chumvi pia. Angalia utando mweupe ulio ndani ya birika la chai nyumbani kwenu, kisha ufikirie utando huo kwenye vijitundu vyembamba vya pasi. Baada ya miezi kadhaa matundu huziba, na siku moja pasi hukohoa maji ya kutu juu ya kifua cha shati jeupe. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa hupunguza tatizo, na wenzetu wa Newala, walioishi na uhaba wa maji kwa miaka mingi, hawahitaji kufundishwa kukinga mvua. Usidanganyike tu kutia yale yanayouzwa kama maji ya betri, kwa sababu baadhi yake yana asidi. Tena pasi ya mvuke haitoi mvuke wa kweli mpaka iwe moto sana. Kwenye nukta moja, na mara nyingi hata mbili, hudondosha matone, na vitambaa vinavyokusumbua ni vya joto hilo hilo dogo. Amerikani iliyoloweshwa na kukamuliwa hutoa mvuke mahali unapoutaka tu, kwa kiasi unachokitaka, na haizibi.

Ukienda dukani, nenda na rula. Iweke kwa ukingo juu ya kitako cha pasi uone kama mwanga unapenya chini yake, kwa kuwa kitako kilichopinda hukandamiza pembeni na kuacha katikati. Inyanyue pasi kwa mkono mmoja: pasi nyingi za nyumbani siku hizi hazifiki kilo moja na nusu, nazo hukulazimisha uzisindikize kwa nguvu za bega kutwa nzima, ilhali ya kilo mbili hadi tatu hukandamiza yenyewe na mkono wako hubaki na kazi ya kuielekeza tu. Kitako cha chuma cha pua ni kigumu na husafishika. Cha alumini huteleza vizuri lakini huchubuka zipu na vifungo vikikikwaruza. Chenye utando mweusi usionata ni kizuri mpaka kikwaruzwe, na mezani kwa fundi pini hazikosekani. Soma kibandiko cha nyuma: kiandikwe volti 220 hadi 240. Pasi za mtumba kutoka Marekani au Japani zimetengenezewa volti 100 au 120, na kwenye umeme wetu huungua mara moja, zikiondoka na fyuzi. Mwombe muuzaji aichomeke, usubiri taa yake izime na kuwaka tena mara mbili. Hiyo ndiyo dalili kwamba kidhibiti joto kinafanya kazi. Ndani yake kuna bamba la metali mbili zilizoshikamana, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti, hivyo bamba hupinda likipata moto na kukata umeme, kisha hunyooka likipoa na kuurudisha. Kwa sababu hiyo joto la pasi hupanda na kushuka muda wote, nawe unapopunguza nukta kutoka tatu hadi mbili usiishushe juu ya polista mpaka dakika kadhaa zipite. Anza siku na vitambaa vya joto dogo, umalizie na pamba.

Kuhusu umeme, pasi ya wati 1,000 ikivuta moto saa nzima bila kukatika hutumia uniti moja ya LUKU, na kwa kuwa kidhibiti hukata na kuwasha, matumizi halisi huwa chini ya hapo. Pasi nyingi za mvuke ni za wati 2,000 na zaidi. Usiunganishe yoyote kati ya hizo kwenye waya mwembamba wa ekstensheni uliozungushwa kama kamba, kwani waya huo hupata moto kabla ya pasi. Plagi iwe ya miguu mitatu yenye waya wa ardhini, nawe uvae kandambili, maana mikono ya mpiga pasi huwa imelowa. Umeme wa sola wa taa na simu hautoshi kuendesha pasi, hata ndogo.

Pasi ya shangazi yako, ile yenye jogoo kwenye komeo kama nyingi za rika lake, usiuze. Umeme ukikatika kwa saa nne na nguo inahitajika jioni, ndiyo itakayokuokoa, na uzito wake ni mzuri kuliko pasi yoyote utakayoikuta dukani. Washa mkaa kwenye jiko kwanza, usubiri mpaka moshi na cheche viishe na makaa yawe mekundu yenye majivu juu, ndipo uyahamishie kwenye pasi. Chagua mkaa mgumu au wa vifuu, kwa kuwa mkaa wa mti laini hurusha cheche na huisha haraka. Katika mwaka wangu wa pili wa ufundi, hapa Mtwara mjini, nilikuwa nikimalizia kanzu ya Idi ya mzee mmoja, nimekaa barazani nikiupa upepo wa kusi uso. Upepo uliingia kwenye tundu la mbele la pasi ukatokea nyuma na cheche moja, ikatua begani, na kabla sijaifuta ilikuwa imekwisha kutoboa tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Nililipa kitambaa na nikakesha kushona kanzu ya pili. Tangu siku hiyo huikalisha meza yangu ubavu kwa upepo, na pasi ya mkaa huwa haipiti juu ya nguo bila amerikani kati yao. Usiitumie kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Mapovu ya kola yana sababu yake. Kitambaa cha gundi unachokibandika ndani hushikwa na joto, unyevu, uzito na muda vikiwa pamoja, na kimoja kikikosekana hushika kwa mabaka. Kilaze upande wenye vipele vya gundi ukiitazama kola, funika kwa amerikani yenye unyevu, kandamiza sekunde 10 hadi 15 mahali pamoja, inua, hamia hatua inayopishana kidogo na ile ya kwanza. Ukiburuta, unakisukuma kitambaa juu ya gundi ambayo bado ni uji, na hapo ndipo povu linapozaliwa. Iache kola ipoe kabisa ikiwa imelala bapa. Kama povu hutokea baada ya kufuliwa tu, basi kitambaa cha nje kimerudi na cha ndani hakikurudi, na dawa ni kukilowesha cha nje kabla ya kukata, kama nilivyosema kwenye kitenge.

Pesa utakayoiokoa kwenye pasi itumie kwenye meza. Tandika blanketi la sufu au la pamba lililokunjwa mara mbili, lifunikwe kwa amerikani iliyovutwa na kupigiliwa misumari kwa chini. Usitumie sponji la godoro, kwa kuwa huzama na huyeyuka. Shona mto wa umbo la embe dodo, uujaze unga wa mbao uliokauka mpaka uwe mgumu kama nyama ya paja, ili mishono ya kifuani na ya kiunoni ipigwe pasi ikiwa imepinda kama mwili utakavyoipinda. Kwa fundi seremala omba kipande cha mbao ngumu kisichopakwa vanishi, kipana kama kiganja, kilichopigwa randa vizuri. Ukiondoa pasi kwenye pindo la suruali, likandamize pindo hilo kwa ubao huo papo hapo mpaka lipoe, na ukingo utatoka mkali kuliko pasi inavyoweza kuutoa peke yake, kwa kuwa mbao hunywa mvuke. Ulaze kwanza usiku kucha juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, maana mbao nyingine hutoa rangi. Kwa marinda ya sketi za shule nyunyiza amerikani kwa maji yaliyotiwa siki kidogo, ukiisha kujaribu kwenye kipande, na marinda yatakaa siku nyingi zaidi.

Limebaki lile gauni jeusi. Jaribu kwanza kwa upole: amerikani iliyolowa, pasi ikiwa juu yake bila kukandamiza, kisha burashi laini ya nguo wakati mvuke ungali unatoka. Pale ambapo nyuzi zimelala tu zitainuka kidogo. Pale zilipolazwa bapa kabisa kwa joto hazitainuka, na hakuna dawa ya dukani itakayoziinua. Ukikuta hivyo, tazama kama kitambaa kinafanana pande zote mbili. Kikifanana, lifumue gauni, uligeuze ndani nje, na ushone upya ukipiga pasi kwa nukta mbili na amerikani, ukianza na mikono, ambayo ni rahisi kufumua na ndiyo jicho huiona kwanza.